Tatu kwa Muguu Moja

Kisangani, Kabondo
Tarehe 11 mwezi wa sita 2025

Mama mudogo Emilie,

Salamu utazikuta chini kama karatasi itabaki. Kwanza usikie aibu yangu kwa mudomo wangu mwenyewe, juu Djuma atakayekuletea barua hii ataongeza chumvi mbele baleinière yake, mashua yake ya mbao, haijapita hata Yangambi.

Siku ya Pentekoste niliangusha fanfare, ile bendi ya parokia. Siongei kwa mifano, watu walianguka chini. Tulitoka kanisani vizuri: trompette mbele, mimi na tambour, ngoma yangu ya vijiti, nyuma yao, halafu wamama waimbaji wa chorale, halafu procession nzima. Chef Bavon, mukubwa wa fanfare, alikuwa amechagua marche mupya, wimbo wa kutembea, ile ya triolet. Triolet ni hii: muguu unakanyaga mara moja, vijiti vinapiga mara tatu. Tatu kwa muguu moja, zote sawasawa, na ile inayoanguka pamoja na muguu njo inapigwa kwa nguvu. Nimejifunza tangu Pasaka. Nahesabu un-deux-trois, moja-mbili-tatu, nikipika, nahesabu nikifua, mpaka mashine yangu ya kushona inanihesabia. Na bado, tulipofika kwenye kona ya soko, miguu ikaanza kuchanganyikana. Wanaosikia trompette wanakanyaga huku, wanaosikia tambour yangu wanakanyaga kule. Papa Alphonse wa trombone alikanyagwa kisigino, akaangukia grosse caisse, ile ngoma kubwa, na jino lake moja likabaki pale barabarani. Watu wa toleka, wale wa baiskeli za kubeba watu, walicheka mpaka baiskeli zikawaponyoka. Na mama moja wa chorale akasema kwa sauti, nisikie: "Wamepatia mwanamke tambour, mulitazamia nini?"

Sasa chef ameniletea demande d'explication, barua ya kudai nijieleze, kama vile mimi ni agent wa serikali aliyepoteza cachet, muhuri wa ofisi. Nakutumia kopi, na jibu langu pia. Anataka tambour apewe Gédéon, mutoto wa dada yake, yule anayekuja répétition, mazoezi yetu, siku mvua hainyeshi tu.

Mama mudogo, wewe unajua. Tangu mama alikufa, miaka ine, nimeshona nguo za furaha ya watu wengine. Ile tambour ni kitu cha kwanza nimeomba mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya watu. Siiachi. Lakini sijui nakosea wapi, na kutojua kunaniuma kuliko jino linavyomuuma papa Alphonse.

Salamu sasa: mwili muzima, roho iko moto. Antenne ya kwenu ikifufuka, nipigie. Isipofufuka, andika.

Mwana wako,
Rosine


(Kopi)

FANFARE YA PAROKIA
Kisangani, tarehe 9 Juni 2025

Kwa Mademoiselle Rosine, mpiga tambour
Yahusu: Demande d'explication

Mademoiselle,

Jana, Sikukuu ya Pentekoste, mbele ya waamini na mbele ya wapita njia, upigaji wako wa tambour ulivuruga mwendo wa maandamano matakatifu na kusababisha hasara ya mwili kwa mwanamuziki wa miaka ishirini na mbili ya utumishi. Unaombwa kueleza kwa maandishi, ndani ya saa arobaini na nane, sababu za tendo hilo.

Ninakukumbusha kwamba triolet ni hesabu. Hesabu haimpendelei mtu, lakini yaonekana ipo mikono iliyozoea ufagio kuliko vijiti. Ikiwa hadi marudio ya mwisho kabla ya maandamano ya Mama Maria, tarehe 15 Agosti, utakuwa bado hujaweza, tambour itakabidhiwa kwa mwingine.

Bavon
Chef de fanfare

Nakala: Padri paroko, katibu wa baraza la parokia, rais wa chorale, Papa Alphonse, faili.


(Kopi)

Kabondo, tarehe 10 mwezi wa sita 2025

Chef,

Barua yako nimeipata, na majirani wote wameipata, juu aliyeileta aliisoma njiani.

Unauliza sababu. Sijui sababu. Hilo ni jibu la kweli. Wewe pia hujui, chef. Kama ungekuwa unaijua, ungeniambia tangu Pasaka, haungengoja kuandika kwa nakala tano.

Jino la papa Alphonse lilikuwa linatikisika tangu Noeli, mwenyewe anakubali, na nimemupelekea supu. Kuhusu ufagio, njoo siku moja uushike, utaona kama hauna hesabu.

Tambour siirudishi mbele ya tarehe 15 mwezi wa munane. Tarehe hiyo umeiandika wewe na ukaigongea cachet.

Rosine
Mushonaji, na mupiga tambour


Chini ya Basoko
Tarehe 25 mwezi wa sita 2025

Rosine, mwana ya dada yangu,

Djuma alifika na barua mukononi na habari mudomoni, na kwa habari yake papa Alphonse alipoteza meno ine. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye muchanga. Kisha nikasoma karatasi ya huyo Bavon, na kicheko ikanikauka.

Nitakuambia kweli. Mimi nilikuwa nataka kukuandikia uache. Maneno yote ilikuwa tayari: sisi batu ya Berthe mama yako, tambour ya kanisa itatupatia nini, shona nguo yako, tafuta mutu muzuri, achana na mambo ya kutembea mistari na batrompette. Nilikuwa na kalamu mukononi. Lakini ile ya ufagio! Bavon! Huyo mutu alikula lituma ya mama yako, ile ndizi ya kutwanga, miaka kumi. Alikuwa anakaa pale kwenye malewa yetu, nyumba yetu ya chakula kule Wagenia, kati ya bavuvi banaokula wamesimama juu nyavu inabangoja, yeye amekaa, amefunga serviette kwenye shingo sawa ministre, anaomba baongeze. Ndizi ile nani aliitwanga? Mikono ya ufagio njo ilimunenepesha mpaka leo anapumua kwa shida akipanda ngazi ya kanisa. Alors, usiache. Mimi nakukataza kuacha.

Sasa nijibu maulizo mbili, na usinijibu kwa hasira, nakujua. Ya kwanza: wale balianguka, muguu yao ilikanyaga mbele ya trompette ao nyuma ya trompette, mapema ao kwa kuchelewa? Ya pili: kati ya ile tatu yako, mukono inapenda gani? Usiniambie ile unahesabu. Mudomo iko muongo. Mwaga unga kidogo juu ya ngozi ya tambour, piga, na angalia ni wakati gani unga inaruka sana.

Solfège, ile kusoma muziki, mimi sijui, hata herufi moja. Lakini sikio Mungu alinipa mbili, na bado sijazitupa.

Kula vizuri. Usimupelekee tena papa Alphonse supu, atafikiri mambo mengine.

Mama yako mudogo,
Emilie


Kisangani, Kabondo
Tarehe 6 mwezi wa saba 2025

Mama mudogo,

Nimeuliza, nimeangalia, nimeona haya.

Kwanza miguu. Papa Alphonse anasema walikanyaga mbele ya trompette. Mbele kidogo tu, kama mutu anayepokea salamu mbele haijamufikia. Wamama watatu wa chorale wamesema vilevile, hata yule wa "mulitazamia nini".

Halafu unga. Nilimwaga unga wa muhogo, nikafunga mulango juu ya majirani, nikapiga. Mama mudogo, ni ile ya tatu! Kinywa changu kinasema "un" kwa nguvu zote, lakini vijiti vinapiga ya kwanza polepole, ya pili polepole, sawa mutu anayengoja zamu yake kwenye bomba la maji. Halafu ya tatu, pa! Unga unaruka mpaka puani. Sikuwa najua. Nilikuwa nasikiliza kinywa changu tu.

Nilifikiri ni kosa la mukono wa kushoto. Ubaya wa triolet ni kwamba mikono ni miwili na mapigo ni matatu, donc nguvu haikai mukono moja: muguu huu inaanguka kwa kuume, muguu unaofuata inaanguka kwa kushoto. Na kushoto changu ni kivivu. Nimekifundisha wiki nzima. Kimemenya viazi, kimekamua nguo, kimepiga meza mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama ile meza ina deni langu. Sasa kushoto kina nguvu, mama mudogo, lakini na chenyewe kinangoja ya tatu. Miwili yote inangoja ya tatu!

Jumamosi chef alinisimamisha katikati ya wote, nipige makofi peke yangu. Gédéon alikuwa amekaa kwenye dirisha, anakula karanga. Nikapiga makofi, nikakosea. Chef akasema, "Mademoiselle, un ni un, kwa kila mutu, hata kwenu." Watu wakacheka. Nilitaka kumutupia vijiti. Sikutupa. Nilipiga tena makofi, nikakosea tena, nikapiga tena, mpaka wakachoka kucheka wakaenda zao, nikabaki napiga peke yangu.

Niambie, hii ni kasoro gani? Kama nimezaliwa nayo, sema tu, nijue napigana na nini.

Rosine


Chini ya Basoko
Tarehe 16 mwezi wa saba 2025

Rosine mwana yangu,

Kasoro hauna. Bavon wako njo ana kasoro ya masikio. Hesabu yako iko kamili kuliko ya fanfare muzima.

Nilisoma barua yako mara tatu, kisha niliita jirani yangu mama Nyota na binti yake Nuru. Tukachemsha ndizi, tukasimama kwenye kinu, batu tatu, mitwangio tatu. Mimi naanza, Nyota anafuata, Nuru anamaliza. Tulipopata mwendo nikauliza: "Ya nguvu ni gani?" Nyota akasema, "Ni yangu." Nuru akasema, "Apana mama, ni yangu." Na mimi, kwa sikio yangu, ilikuwa yangu. Kila mutu anasikia mutwangio yake sawa vile mulima, na ya wenzake sawa vile vumbi. Nikaacha mutwangio chini nikapiga kelele, Nyota akafikiri ni nyoka.

Kumbuka vizuri. Ulikuwa na miaka saba wakati Berthe alikupatia mutwangio mudogo, akakuweka kwenye kinu ya malewa. Yeye wa kwanza, mimi wa pili, wewe wa tatu. Kwenye kinu ya batu tatu, ukikosa nafasi, mutwangio inagonga ya mwenzako ao inagonga kichwa. Donc ulijifunza kungoja, ukihesabu kichwani: Berthe, Emilie, mimi. Berthe, Emilie, mimi. Asubuhi yote, miaka kumi na tisa! Hesabu yako ilianzaka kwa Berthe, lakini nguvu yako iko kwa ya tatu, juu pale njo ulikuwa unasimama. Njo ile mikono yako inapiga mpaka leo. Moja polepole, ile ni ya mama yako. Moja polepole, ile ni ya kwangu. Halafu yako, na moyo wote, sawa vile tulikufundisha.

Na batu ya procession banakanyaga pale wanasikia nguvu. Unabakanyagisha kwa tatu, trompette inabangoja kwa moja. Balianguka kwa haki.

Basi dawa iko rahisi. Panda. Toka kwa nafasi ya tatu, simama kwa ya kwanza. Piga na nguvu pale Berthe alikuwa anapiga. Ni hiyo tu.

Emilie


Kisangani, Kabondo
Tarehe 24 mwezi wa saba 2025

Mama mudogo,

Umepata. Nilienda nikasimama mbele ya kinu, nikapiga hewa na mikono mitupu, na nikakusikia, na nikamusikia yeye. Ni kweli tupu.

Lakini dawa yako siitaki.

"Ni hiyo tu", unaandika. Ni hiyo tu! Mutwangio wa mama umeegemea ukuta pale aliuweka mwenyewe siku ya mwisho, na hakuna mukono umeugusa. Wa kwangu sijaugusa, wa kwako haujaugusa. Wewe uliondoka matanga haijaisha. Siku ya ine, watu bado wamelala kwenye mikeka uwanjani, wewe ulifunga kitambaa ukapanda baleinière, ukaniacha na kinu, na malewa, na wavuvi wanaouliza lituma iko wapi. Nilifunga malewa peke yangu. Leo unakaa huko mbali na kuniandikia nisimame nafasi yake, sawa vile ni kiti kwenye bus.

Nafasi ile ina mwenyewe. Nimejaribu mara moja, jana. Nilipiga ya kwanza kwa nguvu, mara moja tu, nikaweka vijiti chini sawa vile nimemusukuma mutu.

Sitasimama pale. Nitabaki wa tatu. Gédéon achukue tambour, chef agonge cachet, procession iende. Haya, mumeshinda wote.

Rosine


Chini ya Basoko
Tarehe 1 mwezi wa munane 2025

Rosine,

Hii barua namupatia Djuma leo leo, na nimemuambia asisimame Isangi kunywa.

Umesema kweli na imeniingia. Nilikimbia. Niliambia batu nakuja kulima, niliambia batu vumbi ya Kisangani inanikohoza. Uongo mutupu. Asubuhi ya siku ya ine, nilisikia maji inamwagika, nikachungulia, nikakuona uko unaosha kinu. Nikajua utaniita. Nikajua mimi njo nitakuwa wa kwanza, juu mimi njo mukubwa sasa. Nikaenda beach, pale baleinière zinasimama, kutafuta Djuma. Mukubwa alikimbia kinu, akaiachia mutoto. Nimeandika, usome, ubandike kwa ukuta kama unataka. Nisamehe ao usinisamehe, lakini ujue.

Na kitu ingine sikukuambia. Ile siku ya Nyota na Nuru, ilikuwa mara yangu ya kwanza. Miaka ine sikutwanga lituma, nilikula muchele sawa mugonjwa. Nilishika mutwangio juu ya swali yako tu. Na kwa sababu kinu ni yangu, ikabidi nianze. Nilipiga. Nikafunga macho, nikangoja kitu kinianguke kichwani. Hakuna kitu kilianguka. Nyota akapiga, Nuru akapiga, na wakaningoja. Ukiwa wa kwanza, mwana yangu, haupati nafasi ya kusimama ulie. Wale wawili wamekwisha kuinua mikono.

Sasa kasirika na mimi, una haki. Kasirika na Bavon, una haki mara mbili. Lakini usimuweke Berthe mbele yako sawa mulango umefungwa. Unajua nani alikuwa wa kwanza kwenye ile kinu mbele ya Berthe? Bibi yako. Bibi alikufa usiku, na asubuhi mama yako alikuwa kwenye nafasi yake, juu matanga ilikuwa na batu mia ya kulisha. Mimi nilikuwa pale. Alilia ndani ya ndizi, batu bakala, na hakuna mutu alisema anamusukuma mama yake.

Kifo ilimuchukua Berthe. Ilichukua sauti yake, ilichukua malewa, ilinichukua na mimi ikanitupa huku. Unataka kuipatia na ile tambour? Mimi nakataa. Nakataa kabisa! Berthe alikuweka wa tatu juu ulikuwa na miaka saba na mutwangio ya mutoto. Leo uko na miaka makumi tatu.

Emilie


FANFARE YA PAROKIA
Kisangani, tarehe 10 Agosti 2025

Kwa Mademoiselle Rosine
Yahusu: Marudio ya mwisho

Mademoiselle,

Katika marudio ya jana Jumamosi ulipiga marche nzima, mara tatu mfululizo, bila kosa. Uwanja mzima ulitembea. Ninalitambua hilo kwa maandishi. Gédéon hakufika kwa sababu ya mvua.

Ili faili ifungwe kwa utaratibu, naambatanisha reconnaissance de faute, yaani hati ya kukiri kosa, utakayoitia saini kabla ya Alhamisi tarehe 14. Imeandikwa hivi: "Mimi, Rosine, nakiri kwamba siku ya Pentekoste sikujua kuhesabu, na kwamba nimejua sasa kwa mafundisho na uvumilivu wa chef de fanfare."

Bila saini hiyo hutapewa uniforme, na asiye na uniforme hatembei na fanfare.

Bavon
Chef de fanfare

Nakala: kama kawaida.


Kabondo, tarehe 12 mwezi wa munane 2025

Chef,

Karatasi yako nakurudishia. Ni safi, sijaikunja hata pembe, na saini haina.

Siku ya Pentekoste nilijua kuhesabu. Nilihesabu kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na wewe hata siku moja hukuuliza nimesimama wapi. Ulipaza sauti tu. Aliyeniuliza ni dada mudogo wa mama yangu, mutwangaji wa lituma, hajui solfège, hajui cachet. Kama faili yako inahitaji jina la mwalimu, anaitwa Emilie. Liandike vizuri. Wewe lituma yake umeila miaka kumi.

Nitakiri jambo moja: watu walianguka kwa sababu yangu, na papa Alphonse nimemuomba samahani kwa mudomo, mbele ya mke wake. Zaidi ya hilo, hapana.

Uniforme baki nayo. Nimejishonea. Kitambaa cheupe, mistari ya bluu, vifungo munane. Ulisahau kwamba mimi ni mushonaji.

Ijumaa nitakuwa mbele ya mulango wa kanisa na tambour shingoni. Anayetaka kunitoa aje mwenyewe, mikono mitupu, bila barua.

Rosine
Mupiga tambour


Kisangani, Kabondo
Tarehe 17 mwezi wa munane 2025

Mama mudogo wangu,

Nimepiga.

Chef alikuja mpaka mbele yangu na ile karatasi, Ijumaa, watu wote wamejipanga. Akaangalia uniforme yangu kutoka kola mpaka viatu. Nafikiri alitafuta kifungo kimoja kilichokaa vibaya. Hakupata. Akafungua mudomo. Mimi vijiti nilikuwa nimeviinua, na nilikuwa nimeapa sivishushi bila kupiga. Papa Alphonse akaingia kati yetu na trombone yake, akasema, "Chef, jua linapanda, na wazee wamesimama." Na yule mama wa chorale, yule yule, akasema kwa sauti kama ile ya Pentekoste, "Tuanze, musichana yuko tayari!" Chef akaweka karatasi mufukoni. Akainua mukono, tukaenda.

Nataka ujue ya ndani, juu nje kila mutu ameona, na Djuma atakuongezea chumvi yake.

Barua yako ilinifikia tarehe 5. Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikapiga kwa nguvu pale uliniambia, nikapiga kwa kukukasirikia wewe, na Bavon, na Gédéon na karanga zake, na sikuweka vijiti chini. Ndivyo nilivyopita kwenye répétition. Nilisema basi, imekwisha, nimepanda.

Uongo. Barabarani hasira ilikwisha mbele hatujafika soko. Watu walikuwa wazuri, jua lilikuwa zuri, wavuvi walitoka kandokando ya njia na wake zao wakapiga vigelegele, wengine wakaniita, "Mwana ya Berthe!" Sikuwa tena na mutu wa kumukasirikia. Nikabaki na pigo tu. Muguu unaanguka, mukono wangu uko pale. Muguu unaanguka, mukono wangu uko pale tena. Na nikaelewa, kwa mikono, kwamba miaka ine nilikuwa namuachia nafasi. Kila nilipopiga ile ya kwanza polepole, nilikuwa namungoja aingie. Na haji, mama mudogo. Mama yangu haji.

Nililia waziwazi, makamasi na yote, mbele ya Kisangani muzima. Sikuwa na mukono wa kujipangusa, yote miwili ilikuwa kazini. Kuume, kushoto, kuume. Kushoto, kuume, kushoto. Machozi yanaingia kwenye kola niliyoshona mwenyewe. Papa Alphonse aligeuka akaniona, akageuka tena mbele haraka akapuliza. Sikuona njia vizuri. Nyuma yangu watu mia tatu walikuwa wamekwisha kuinua muguu, wananingoja, na nikapiga, na wakakanyaga.

Rosine